Mkarafuu wa Mpakani

Ndugu wanachama, msimu ukikaribia ugomvi wa mipaka nao huzuka. Wengi wetu twazitunza eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mti uliokuwa alama ukishakufa, kila mtu huukumbuka mahali pake.

Lakini karafuu haingoji hukumu. Ikichanua mtini thamani yake imepotea, na wagomvi wote wawili wamekula hasara.

Rai yetu ni hii: kabla ya kuchuma, majirani waukague mpaka pamoja na wazee na sheha. Wasipoafikiana, mti wenye ugomvi wauchume pamoja, karafuu zianikwe mbali, zipimwe mbele ya wote, na fedha ziwekwe amana hadi shauri liishe.

Mkarafuu hupandwa tena; ujirani ukifa ni taabu kuuotesha.