Usiulize Umri wa Ndege Peke Yake

Sisi wakazi wa Kericho na Bomet tumezoea kuona ndege ndogo. Kiwanja cha Kerenga kimo katikati ya mashamba ya majani chai, na katika miaka ya 1960 na 1970 ndege kama hizo zilirushwa huku kuyafuata mawingu ili kupunguza mvua ya mawe iliyokuwa ikiponda chai. Siku hizi hutuletea wanasiasa na wakubwa wa makampuni, na mara nyingine huwachukua wagonjwa mahututi kuwakimbiza Nairobi. Ni kwa sababu ya safari hizo za wagonjwa mimi daktari huulizwa swali ambalo halimo katika vitabu vya udaktari: "Ndege yenyewe ni ya mwaka gani?" Jamaa wa mgonjwa wakisikia iliundwa miaka ya 1970, hutazamana. Wakisikia ni mpya hutulia, hata kabla ya kumwona rubani.

Hofu hiyo ina asili yake. Tarehe 10 Juni 2008, Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, aliyekuwa Mbunge wa Bomet, na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, Mbunge wa Sotik, walipanda ndege aina ya Cessna 210 kutoka Nairobi wakija Kericho, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Ndege hiyo ilianguka katika wilaya ya Narok na wote wanne waliokuwa ndani wakafariki. Kampuni ya Cessna iliacha kuunda ndege za aina hiyo mwaka wa 1986, kwa hivyo hata ile iliyoundwa mwisho kabisa ilikuwa imetimiza miaka 22 hivi mwaka huo. Watu wengi walimalizia hesabu yao hapo: ndege kuukuu, basi.

Lakini miaka minne baadaye, tarehe ile ile ya 10 Juni, mwaka wa 2012, Waziri George Saitoti na msaidizi wake Orwa Ojode walifariki huko Ngong pamoja na watu wengine wanne, ndani ya helikopta ya polisi iliyokuwa imenunuliwa ikiwa mpya miezi michache tu kabla. Na mnamo 7 Agosti 2025, ndege ya jeti ya madaktari wa Amref ilianguka Mwihoko, kaunti ya Kiambu. Wanne waliokuwa ndani walifariki, miongoni mwao daktari na muuguzi, na watu wawili waliokuwa chini pia. Huduma hiyo ya Amref imekuwako tangu 1957 na imeokoa roho nyingi. Naitaja kwa sababu sisi wahudumu wa afya pia tumo ndani ya ndege hizo. Swali la usalama wake si la mgonjwa peke yake.

Sisemi kwamba ndege mpya ni mbaya kuliko ya zamani. Ninalosema ni kwamba umri wa ndege ni kama umri wa binadamu. Katika kliniki yangu huja akina mama wa miaka 70 ambao wamechuma chai maisha yao yote, na presha yao ni nzuri kuliko ya karani wa miaka 40 anayekaa kitini kutwa na kula chipsi jioni. Mwaka wa kuzaliwa hunipa dokezo tu. Ni lazima nipime.

Ndege nayo huzeeka kwa saa ilizoruka na kwa aina ya kazi inayofanya. Tazama visa hivi viwili. Aprili 2018, huko Florida, Marekani, ndege ndogo aina ya Piper ilikatika bawa angani na kuwaua wawili waliokuwemo. Ilikuwa imeundwa mwaka wa 2007, yaani ilikuwa na miaka 11 tu, lakini ilikuwa ya chuo cha urubani na ilikuwa ikipaa na kutua mara nyingi kwa siku. Chuma kilichoka kikapata ufa. Mwaka uliofuata, Mei 2019, Cessna 210 ya mwaka wa 1976 ilikatika bawa huko Australia ikiruka chini chini katika kazi ya kupima ardhi, na wawili wakafa. Huko nako ilikuwa ufa, ulioanzia kwenye kidoa cha kutu katika chuma kinachobeba mabawa. Mmoja kijana, mwingine mzee, na ugonjwa ni ule ule.

Ufa wa aina hiyo unafanana sana na presha. Hauumi na hauonekani kwa macho, na rubani hawezi kuusikia kabla ya siku yake. Fundi huupata kwa kuutafuta mahali hasa unapojificha, tena kwa vifaa maalum. Ndiyo maana baada ya ajali ya Australia wenye Cessna 210 waliagizwa wakague chuma hicho. Ndege ya mwaka wa 1976 iliyokaguliwa hivyo ningeipanda. Ile ambayo mwenyewe hawezi kunionyesha kitabu chake cha ukaguzi nisingeipanda hata kama rangi yake bado inanukia. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na viwanda vyetu vya chai ni ushahidi: kuna mashine zilizofungwa kabla sijazaliwa na bado zinasaga, kwa sababu kuna fundi anayezijua kama watoto wake.

Injini ndiyo inayowatia watu hofu zaidi, lakini kwa upande wa umri si jambo gumu kama wanavyodhani. Injini za petroli za ndege ndogo huwa na kiwango chake, mara nyingi baina ya saa 1,700 na 2,000, kisha hufunguliwa na kutengenezwa upya. Ile ya Cessna Caravan, inayotumia mafuta ya jeti, hufika saa 3,600. Ndege ya mwaka wa 1975 yaweza kuwa na injini iliyotengenezwa upya mwaka jana. Moyo umebadilishwa, mwili ni ule wa zamani.

Sasa niseme pale ambapo upya una faida ya kweli, na hapa nasema kama daktari aliyeshona vichwa vingi vya abiria wa matatu. Ni mikanda. Marekani, zinakotoka nyingi za ndege hizi, ilianza kudai mkanda wa begani kwa viti vya mbele katika ndege zilizoundwa kuanzia 1978, na kwa viti vyote kuanzia mwisho wa 1986. Kabla ya hapo abiria wa nyuma alikuwa na mkanda wa kiunoni tu. Ndege ikigonga chini, mkanda huo hushika kiuno na kuacha kichwa na kifua viende mbele kwa kasi ile ile. Mtu hupona ajali yenyewe akafa kwa jeraha la ubongo. Tena kanuni za mwaka wa 1988 zilidai viti vya ndege ndogo za miundo mipya vijaribiwe kwa mshtuko mkali unaofanana na ajali. Hizi si anasa. Jambo la kufurahisha ni kwamba ndege nyingi za zamani zinaweza kutiwa mikanda ya begani kwa gharama ndogo kuliko ya safari moja ya kampeni. Mwenye ndege ambaye hajafanya hivyo hana udhuru.

Jambo la pili ni moshi. Asubuhi ya Kericho ni baridi, na rubani huwasha kipasha joto. Katika ndege nyingi za injini ya petroli, joto hilo hutoka kwenye bomba la moshi la injini. Bomba likiwa limezeeka na kupasuka, gesi ya kaboni monoksaidi huingia ndani. Ni gesi ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la makaa chumbani: haina rangi wala harufu, na humfanya mtu asinzie akidhani ni uchovu. Wapenzi wa kandanda watamkumbuka Emiliano Sala, aliyefariki 21 Januari 2019 akivuka bahari kutoka Nantes kwenda Cardiff katika ndege ndogo ya mwaka wa 1984. Damu yake ilipopimwa, asilimia 58 ya chembechembe zinazobeba oksijeni zilikuwa zimeshikwa na gesi hiyo. Kifaa cha kuipima kinatosha mfukoni na bei yake si kubwa.

Mikanda na moshi, basi, ni mambo ya kuuliza kuhusu ndege ya zamani. Kuna imani moja kuhusu ndege mpya ambayo ningependa tuiache: kwamba vioo vya kompyuta vilivyo mbele ya rubani vinamzuia asikosee. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ilichunguza ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizoundwa kati ya 2002 na 2006, ikalinganisha zenye vioo hivyo na zenye saa za kizamani. Ripoti yake ya mwaka wa 2010 ilionyesha kuwa zenye vioo zilipata ajali chache zaidi kwa jumla, lakini ajali za kuua zilikuwa kwa kiwango cha juu zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba ndege hizo zilitumika kwa safari ndefu na katika hali mbaya ya hewa. Mtu akipewa chombo bora huenda mahali ambapo asingethubutu kwenda.

Na hali mbaya ya hewa ndiyo habari yenyewe huku kwetu. Kerenga ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza karibu robo ya nguvu zake, iwe ya 1970 au ya juzi. Alasiri mawingu kutoka Ziwa Victoria hukutana na miinuko ya Mau, ngurumo zikaanza. Asubuhi huenda kuna ukungu. Rubani akiingia ndani ya wingu bila mafunzo ya kuruka kwa kutazama saa peke yake, kinachomsaliti ni sikio lake. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, nayo hutuambia tumepinda au tumenyooka. Ndege ikipinda polepole, majimaji hayo hutulia, na sikio likasema tuko sawa wakati tunaenda chini. Chuo Kikuu cha Illinois kilijaribu jambo hili miaka ya 1950 kwa wanafunzi 20. Wote walishindwa kuimudu ndege, na wastani ulikuwa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia. Mwaka ulioundiwa ndege haulifanyi sikio hilo liseme kweli.

Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, watu 10 wakafa. Caravan ni miongoni mwa ndege ndogo zinazoaminika zaidi Afrika Mashariki.

Najua kuna atakayeniambia basi twende kwa barabara. Aende, lakini akumbuke makutano ya Londiani, 30 Juni 2023, ambapo lori liliwaua zaidi ya watu 50 jioni moja.

Kwa hivyo mkiambiwa ndege inakuja, ulizeni mwaka wake, si vibaya. Kisha ulizeni kama kila kiti kina mkanda wa begani, kama kuna kifaa cha kupima moshi, injini imebakisha saa ngapi, na kama rubani ana kibali cha kuruka ndani ya mawingu. Swali la mwisho ndilo zito: nani ana uwezo wa kusema safari hii imeahirishwa? Katika huduma nyingi za ndege za wagonjwa huko Marekani, rubani haambiwi hali ya mgonjwa kabla ya kuamua. Huulizwa tu kama hali ya hewa inaruhusu kutoka hapa kwenda pale. Akijua ni mtoto anayekata roho, ataliona wingu jeusi kuwa jeupe. Sisi hufanya kinyume. Jamaa humpigia rubani simu wakilia, mwanasiasa humkumbusha kwamba mkutano unangoja, na mara nyingine daktari naye humhimiza.

Kazi ya daktari wakati huo ni kumfanya mgonjwa aweze kungoja. Mtu aliyevunjika paja, akifungwa vizuri, akatiwa maji mshipani na kupewa dawa ya maumivu, aweza kulala Kericho na kuondoka saa mbili asubuhi, ukungu ukishapanda.