Je, Shule Ni Dalali wa Kampuni?

Neno tunalotaka kulinena si geni kwa waalimu wenzetu, maana lasemwa kila mahali penye kompyuta shuleni. Walakini lasemwa zaidi kwa kunong'ona kuliko kwa hoja. Nalo ni hili: mtoto afundishwapo kompyuta, afundishwe nini? Afundishwe kazi, au afundishwe jina la kampuni? Katika madarasa mengi somo hili limegeuka kuwa jina tu. Kuandika barua kwaitwa Word, kupanga hesabu katika jedwali kwaitwa Excel, na mtoto hutoka shuleni akidhani ya kuwa pasipo mali ya kampuni ya Microsoft hapana barua wala hesabu. Sisi twasema jambo hili si jema, tena si la lazima, kwa sababu iko njia nyingine, nayo ni njia ya programu huria.

Kwanza tueleze maana, tusije tukabishana gizani. Kila programu huandikwa na watu, kwa lugha ya maagizo, kama vile mpishi aandikavyo namna ya kupika chakula chake. Kampuni nyingi huyaficha maandishi hayo, zikauza ruhusa ya kuitumia programu tu. Naye anunuaye hakununua chombo, bali amenunua idhini ya kukishika kwa masharti ya mwenyewe. Programu huria ni kinyume cha hayo. Maandishi yake yako wazi, na leseni yake humpa kila mtu ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yo yote, kuyasoma maandishi yake, kuitengeneza apendavyo, na kuwapa wengine nakala. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kwamba ataunda mfumo mzima wa namna hiyo, akauita GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika Finland, akatoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Kazi hizo mbili zikaja kutumiwa pamoja, na watu wa nchi nyingi wakaziongezea mikono yao.

Sasa tuwajibu wapinzani, mmoja mmoja.

Wa kwanza atuambia: "Rahisi inavunja upishi. Kitu kitolewacho bure hakina nguvu, ni cha maskini tu." Ndugu huyu na atazame vizuri. Tangu Novemba 1917 hatusemi, maana kompyuta hazikuwako. Bali tangu Novemba 2017, katika orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani, kila moja huendeshwa na Linux. Simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini hicho hicho. Basi huyu aidharauye programu huria huenda anayo mfukoni hapo asimamapo akiidharau. Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani. Walakini mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ilinunua GitHub, ambapo waandishi wengi wa programu huria huweka kazi zao, kwa dola bilioni 7.5. Je, yuko mtu anunuaye shamba la magugu kwa bei hiyo?

Tena ushindani huu wamfaa hata yeye asiyetaka kuacha mali ya kampuni. Tuchukue mfano wa programu za kusomea intaneti. Internet Explorer ya Microsoft iliishinda Netscape, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu zaidi ya tisa katika kila kumi waliitumia. Toleo lake la sita lilitoka mwaka 2001, na toleo la saba halikuonekana mpaka mwaka 2006. Miaka mitano! Mkulima asiye na jirani wa kushindana naye hulala mpaka jua lipande. Lakini Netscape, kabla ya kufa, iliyafungua maandishi yake mwaka 1998, na katika mbegu hiyo ikamea Firefox, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitolewa Novemba 2004. Watu wakahamia huko kwa mamilioni, na ndipo usingizi ulipokatika. Programu iliyoshindwa sokoni haikuzikwa, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa mali ya watu wote.

Mpinzani wa pili ana huruma, na kwa hiyo yapasa ajibiwe kwa upole. Asema: "Mtoto wa maskini akifundishwa chombo kisicho cha maofisini, atakosa kazi." Hoja hii ingekuwa na nguvu kama vyombo vya maofisini vingekaa kama vilivyo. Lakini mwaka 2007 Microsoft yenyewe iliondoa orodha za maagizo katika Word na Excel, ikaweka utepe wa alama mahali pake, na watu waliokariri mahali pa kila kibonyezo wakajikuta wageni katika nyumba yao. Aliyejifunza kazi hakupotea. Alitafuta kidogo, akaendelea. Fundi seremala hamfundishi kijana jina la kiwanda kilichotengeneza randa, humfundisha kulainisha ubao. Kadhalika mtoto ajuaye kupanga barua yenye vichwa na aya zake, ajuaye kutunga kanuni ya hesabu katika jedwali na kuikagua jibu lake, huyu akipewa programu yo yote ataizoea kwa siku chache. Na asiyejua hayo, mpe hata programu ya bei kubwa, ataandika barua mbaya kwa chombo kizuri.

Mpinzani wa tatu hasemi kwa sauti kubwa. Yeye husema, "Za nini taabu hizi? Mjini zapatikana nakala za programu za kampuni kwa bei ya soda." Huyu hatutamjibu kwa upole. Nakala hizo ni za wizi, na shule ifundishayo amri inayokataza wizi haiwezi kuwasha kila asubuhi mashine zilizojazwa mali ya kuibwa. Mfanya kazi anastahili ujira wake, na kampuni iliyotunga programu ina haki ya kuiuza; asiyetaka kulipa na aiache. Tena nakala hizo mara nyingi huja na virusi. Lakini liko jambo la kufikiri zaidi. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington, alinena habari za watu wa China waliotumia programu bila kulipa, kwamba maadamu wanaiba, afadhali waibe za kampuni yake, kwa maana watazizoea hata wasiweze kuziacha, na baadaye itajulikana namna ya kuwatoza. Basi mwizi ajionaye mjanja, kumbe ni samaki aliyekwisha kumeza chambo.

Na hapa twafika penye kiini cha maneno yetu. Ubaya wa chombo chenye mwenyewe mmoja si bei yake tu. Ubaya ni kwamba ufunguo u mkononi mwa mtu mwingine, naye aweza kuufunga mlango siku asiyoichagua mtumiaji. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10, uliotoka mwaka 2015. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali kompyuta nyingi za zamani, hata zilizo nzima kabisa. Fikirini maana yake kwa shule yenye kompyuta kumi za kupewa, zilizopatikana kwa barua nyingi na kwa hisani ya wafadhili. Mashine hazikuungua, hazikupata kutu. Zawaka kama jana. Lakini zimehesabiwa kuwa zimekufa, kwa sababu amri imetoka mbali. Kwa mashine za namna hiyo iko mifumo ya Linux iliyo myepesi, isiyotaka malipo, iwezayo kuzitumikisha miaka mingine. Nguo ya kuazima, wazee walisema, haisitiri.

Tazameni sasa yaliyotukia upande wa pili. Iko programu ya ofisi iliyoanza kwa jina la StarOffice katika Ujerumani. Mwaka 1999 ilinunuliwa na kampuni ya Sun Microsystems, na mwaka 2000 maandishi yake yakafunguliwa kwa jina la OpenOffice. Mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na kampuni ya Oracle. Watunzaji wengi wa programu hiyo wakaingiwa na hofu juu ya bwana mpya. Je, walilia? Hawakulia. Septemba 2010 walichukua maandishi yale, kama leseni ilivyowaruhusu, wakaanzisha LibreOffice, nayo yaendelea hata leo. Bwana alibadilika, lakini kazi haikupotea. Tena barua na majedwali ya programu hizo huhifadhiwa kwa mpangilio uitwao OpenDocument, uliokubaliwa kuwa kanuni ya mataifa mwaka 2006, na maelezo yake yako wazi kwa mtu ye yote atakaye kuunda chombo cha kuyasoma. Daftari la shule lina majina ya watoto na alama zao za miaka mingi. Yafaa liandikwe kwa namna itakayosomeka hata kampuni zote za leo zikiwa zimesahauliwa.

Wako watakaotutajia mji wa München katika Ujerumani, nasi hatutaki kuificha habari hiyo. Baraza la mji ule liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufika mwaka 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Kisha mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Ni kweli. Lakini mwaka 2024 jimbo zima la Schleswig-Holstein, katika nchi hiyo hiyo, lilitangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za maofisi yake kwenda LibreOffice. Na askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza kutumia OpenOffice mwaka 2005, wakaendelea mpaka kuingia Linux. Funzo la München si kwamba njia ni mbovu. Funzo lake ni kwamba safari hii yahitaji viongozi wasiochoka na watu waliofundishwa vema. Hilo ni neno la waalimu kuliko watu wote.

Maana tusidanganyane: bure si bila kazi. Wako marafiki wa programu huria waisifuo kama mana iangukayo kutoka mbinguni, nao huiharibia jina. Mwaka 2014 ilionekana kasoro kubwa, iliyopewa jina la Heartbleed, katika OpenSSL, programu huria iliyolinda siri za tovuti nyingi mno duniani. Watu wengi walikuwa wakiitumia, kampuni tajiri zikiwamo, na waliokuwa wakiitunza walikuwa wachache kabisa. Kisima cha kijiji ambacho wote huteka na hapana azibuaye hujaa matope. Kosa si la kisima.

Nasi watu wa Kiswahili tunayo sehemu yetu ya kuzibua. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi yenye maagizo yake kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yo yote, wala hawakungoja wahesabiwe kuwa soko la kutosha. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kuleta programu zake kwa Kiswahili, na jambo hilo twalifurahia, kwa kuwa lugha yetu yapata heshima kila inapogombewa. Lakini iko tofauti kubwa. Tafsiri ya kampuni hukaa kwa hiari ya kampuni. Neno likiwa baya, mwalimu wa Kiswahili hana mahali pa kulisahihisha. Tafsiri ya programu huria ni shamba lililo wazi, na kila toleo jipya lazaa maneno mapya yatakayo jina. Kazi hii haidai mhandisi. Yadai mtu ajuaye sarufi, mwenye kamusi, mwenye subira. Je, watu wa namna hiyo hawapatikani katika vyumba vya waalimu?

Basi twashauri hivi. Shule yenye kompyuta iweke LibreOffice katika kila mashine, hata zile zenye Windows iliyolipiwa, ili watoto waone vyombo viwili na kujua ya kuwa kazi ni moja. Mtihani wa shule uulize, "Andika barua ya kuomba kazi, uipange hivi na hivi," wala usiulize kibonyezo kiko wapi. Nakala za wizi zifutwe, pasipo udhuru. Mashine ambazo Windows mpya imezikataa zisitupwe kabla hazijajaribiwa na Linux. Na waalimu wa Kiswahili wa wilaya moja wakutane wakati wa likizo, wagawane maneno mia mia ya kutafsiri, wayajadili kwa uangalifu, wayapeleke kwa watunzaji wa programu kwa njia ya intaneti. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatusemi mtu asinunue. Anunuaye kwa fedha yake na anunue kwa amani. Twasema shule si duka, na mwalimu si dalali. Na mtoto aliyekabidhiwa kwetu na wazazi wake hakuletwa afanywe mteja wa mtu, bali aletwa ajifunze kazi, ili atakapokuwa mtu mzima ashike chombo kwa mkono wake, akijue, na kikiharibika aweze kukifungua.