Wufa Yako Haijachomeka, Acheni Kudanganywa

Wadau, kuna tabia imenichosha. Mtu anawasha wufa, inaanza kunguruma hata kabla ngoma haijaingia, na kwa dakika tano kila mtu kwa ploti ashakuwa daktari. "Hiyo transfoma imechomeka." "Hiyo imekufa, buda." Jumamosi anaibeba kwa fundi, anaambiwa kuitengeneza ni karibu bei ya kununua mpya, basi anaiacha hapohapo kwa bei ya kutupa. Wiki ijayo wufa ileile iko juu ya meza ya fundi inauzwa, inaimba poa.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Wengi wako sawa na wanajua kazi. Shida ni sisi, tunaenda bila kujua hata kelele inatoka upande gani, na mtu akija hivyo ni rahisi kumla. Mimi niliacha kampasi sijamaliza, na hii kitu haitaki digrii, inataka masikio tu.

Shusha sauti hadi sifuri. Kelele ikibaki vilevile, shida iko ndani ya mashine, na mara nyingi ni zile kapasita kubwa za pawa zimechoka. Stima yetu inakuja na mizunguko 50 kwa sekunde, na kazi ya kapasita ni kuulainisha huo mtetemo usifike kwa spika. Zikizeeka, zingine hufura kichwani, unaanza kuusikia. Hapo ndio uende kwa fundi. Usifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa kwa soketi. Lakini hicho ni kipuri kidogo, si sababu ya kuuza wufa. Mwambie akitoa ile ya zamani akupe mkononi.

Kelele ikipanda ukiongeza sauti, chomoa waya zote za nyuma: ya TV, ya dekoda, ya laptop. Imenyamaza? Basi wufa ni nzima, mgonjwa ni waya au kile ulichounganisha. Jaribu laptop kwanza. Toa chaja, iache kwa betri, usikie. Chaja nyingi za pini tatu zina waya wa ardhi ukutani, na dekoda imeshikana na dishi huko juu ya paa, kwa hivyo vifaa vinapata njia mbili za kwenda ardhini na stima kidogo inazunguka kwa waya wa sauti. Mngurumo ndio huo. Chomeka kila kitu kwa ekstensheni moja, ama cheza kwa Bluetooth ukate waya kabisa. Ukiwa Luthuli unaweza pia kuulizia kile kidude kinachowekwa katikati ya waya wa sauti kuzuia mngurumo.

Sasa hapa ndipo nakasirika. Kuna ushauri unazunguka ati fungua plagi ukate ule waya wa kijani na manjano, kelele itaisha. Na ukweli ni kwamba inaweza kuisha, ndio maana watu wanauamini. Lakini huo waya ndio unapeleka stima ardhini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma. Ukishaukata, njia ya kwenda ardhini ni wewe, ama mtoto anayeshika hiyo mashine akiwa miguu chini, na sakafu imetoka kupigwa deki. Watu wameniomba DM nifanye video yake. Sifanyi, hata ikileta views.

Upande mmoja ukikwaruza, badilisha waya za spika, ya kulia iende kushoto. Kelele ikihama na spika, spika ndiyo mbovu, pengine ile karatasi yake imepasuka. Ikibaki upande uleule, ni mashine. Kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti peke yake mara nyingi ni vumbi tu, na kuna dawa ya kupuliza ya kusafishia.

Na ile tititi-tititi kabla simu haijaita? Hiyo ni simu iko kwa 2G, inarusha mawimbi kwa vipande kama mara 217 kwa sekunde, na waya wa spika unayadaka kama antena. Sogeza simu mita moja hivi. Kuna mtu ameshauza wufa kwa sababu ya hiyo.