Tuulize: Karatasi Iko Wapi?

Mkenya mwenzangu, kabla hujahudhuria mkutano mwingine wa hadhara, nakuomba ufungue Katiba, Sura ya Tisa, usome kifungu cha 135. Ni sentensi moja tu. Inasema uamuzi wa Rais katika kutekeleza kazi yoyote aliyopewa na Katiba utakuwa wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Mle ndani hakuna kipaza sauti wala paa la gari.

Vijana huenda wasione ajabu yake. Waulizeni wazazi. Enzi za Rais Moi, waziri aliweza kukaa mezani ale chakula cha mchana, redio ikamwambia katika taarifa ya habari ya saa saba kwamba hana kazi tena. Wilaya nazo zilizaliwa jukwaani: Rais anahutubia, umati unashangilia, wilaya mpya inatangazwa, kisha DC anaanza kutafutiwa ofisi. Chini ya Kibaki mambo yakaendelea vivyo hivyo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya halali ni zile 46 za sheria ya mwaka 1992, pamoja na Nairobi. Nyingine zote zilikuwa zimetangazwa tu. Jumlisha, utajua kaunti 47 zilitoka wapi.

Katiba iliyozinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 ilikusudia kuukomesha mtindo huo, ila mazoea yana taabu. Julai 2023 Rais Ruto, akiwa ibadani Molo, alitangaza kwamba marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018 imeondolewa. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na wiki chache baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasitisha hatua hiyo kwa muda. Sina ugomvi na Rais kuzungumza kanisani. Yeye ni mwanasiasa, atakosaje kusema? Ugomvi wangu ni nasi tunaotoka pale tukiambiana kwamba jambo limeshaamuliwa.

Karatasi inamlazimisha mtu kutaja sheria anayoitumia. Ina tarehe, ina jina, na mwananchi anaweza kuipeleka mbele ya jaji. Inaonyesha pia kama waliopaswa kushirikishwa walishirikishwa, maana mengi tunayodhani ni ya Rais peke yake si yake peke yake. Hawezi kutangaza vita bila idhini ya Bunge. Hali ya hatari akiitangaza hudumu siku 14 tu, isipokuwa Bunge la Kitaifa liiongeze. Majaji huwateua kwa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama, na hapo tuliona yanayotokea kiongozi akikaa na orodha: majina 41 yalipelekwa mwaka 2019, Rais Kenyatta akateua 34 mwezi Juni 2021, na sita waliobaki wakangoja hadi Ruto alipoingia madarakani Septemba 2022. Mmoja alifariki akingoja.

Lakini wengi wetu hatukutani na Rais. Tunakutana na karani, askari, chifu. Soko linafungwa ghafla, unauliza kwa nini, unajibiwa: amri kutoka juu. Juu wapi? Huko juu kuna mawingu. Ofisi zote ziko hapa chini, zina milango na faili. Naamini nusu ya amri hizo Rais mwenyewe hajapata kuzisikia. Kwa hiyo kifungu cha 135 kinamlinda hata yeye dhidi ya watu wanaolitumia jina lake kutisha wanyonge.

Basi tuanze kuuliza, kwa adabu na bila kuchoka: “Samahani mkubwa, naomba kuiona hiyo amri.” Ukikataliwa, andika barua. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika atamweleza afisa kwa mdomo, afisa aandike. Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21. Lisemeni jambo hili kwenye chama, kwenye baraza la chifu, hata kwenye lile kundi la familia la WhatsApp ambalo kila asubuhi huletewa “tangazo la Ikulu” lisilo na sahihi.

Na tafadhali, msiwaachie kazi hii waliopigia kura upande mwingine. Nyinyi mliomchagua Rais ndio mtakaosikilizwa haraka mkimkumbusha.

Tarehe moja ya kuweka kwenye kalenda ni 10 Agosti 2027. Tangu kura ya kwanza ya urais ipigwe siku hiyo hadi Rais atakayechaguliwa ashike madaraka, kifungu cha 134 kinamzuia aliyeko kuteua majaji, kuteua au kufuta mawaziri na mabalozi, kusamehe wafungwa, hata kutoa nishani. Likisomwa jina lolote la uteuzi katika siku hizo, litafuteni kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mtazame tarehe, kisha mwende nalo kortini.