Mbwa, Mtoto na Elimu Tunayoikimbia

Hapa Magongo mbwa hana mwenyewe. Ukiuliza mlango kwa mlango utaambiwa ni wa jirani, na jirani atakuambia ni wa jaani. Lakini watoto wetu wanamjua. Wamempa jina, humtupia kipande cha mkate, na jioni wakitoka chuoni huwafuata mpaka barazani.

Mapenzi hayo leo ni elimu yenye walimu na maabara zake. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walitangaza kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana kwa muda mrefu, homoni iitwayo oksitosini huzidi katika miili yao wote wawili. Homoni hiyo ndiyo imfanyayo kazi mama anapomnyonyesha mwanawe. Kwa mbwa-mwitu, hata waliolelewa na watu, jambo hilo halikuonekana. Marekani nako, katika Chuo Kikuu cha Arizona, wataalamu wamepima homoni hiyo katika mate na mkojo wa watoto wanaocheza na mbwa. Hiyo ni kazi ya mtu na mshahara wake.

Je, kijana wa Magongo akitaka kuisomea, tutamwambiaje? Jawabu nalijua: "Astaghafirullahi, mbwa ni najisi!"

Sibishi. Sisi ni Mashafi, na chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyo inatufunza kujitwahirisha, haikutukataza kujua. Qurani imemtaja mbwa wa watu wa pangoni, na imehalalisha mawindo ya mbwa aliyefunzwa. Nani kati yetu hakusikia chuoni habari ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye Mola akamghufiria?

Na hasara ya kutojua humwangukia mtoto. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno.

Atakayesema kuwa hayo si ya Waislamu na aitazame Pemba. Ugonjwa uliwafikia ndugu zetu huko. Mbwa wakaanza kuchanjwa 2010, na kufikia 2014 ukawa umekwisha. Ukaingia tena 2016, wakachanja upya, ukamalizwa 2018. Waliofuatia nyayo za ugonjwa huo, kesi moja baada ya nyingine, ni watafiti akiwemo Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania. Ni mwana wa Afrika Mashariki, si mgeni kutoka ng'ambo.

Sasa fikiri, msomaji. Ili ugonjwa ukatike, yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Nani atamshika mbwa wa jaani? Wachanjaji wa Afrika Mashariki wanajua kwamba mara nyingi anayemleta mbwa ni mtoto, kwa kuwa ndiye anayemwamini. Basi yale mapenzi tunayoyakemea barazani ndiyo yanayoifikisha sindano. Anayeelewa yanavyofanya kazi ataokoa roho za watu.

Kenya imejiwekea mpango wa 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa wanadamu. Madaktari wa wanyama husomeshwa Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi. Mzazi ambaye mwanawe anaiweza biolojia asimzuie njia hiyo kwa sababu ya najisi. Glavu zipo, maji yapo, na udongo upo.

Kwa leo, kila nyumba ya Magongo ishike hili: mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipigwe kwanza kwa kucheza na mbwa, asije siku nyingine akaficha jeraha.