KAMATENI MWUAJI, MSIKAMATE KABILA

Ndugu wafanyakazi,

Reli haijafika Kakuma. Lakini mambo ya Kakuma yatuhusu sisi watu wa reli, na twaomba msome mpaka mwisho.

Kwanza twasema wazi: gaidi ni adui wa mfanyakazi. Tarehe 2 Desemba 2014 watu 36 waliuawa usiku katika machimbo ya mawe karibu na Mandera. Hao hawakuwa askari wala wakubwa. Walikuwa wavunja mawe waliokwenda kutafuta riziki. Kwa hiyo hatusemi polisi wakae bure. Wafanye kazi yao, tena waifanye vizuri. Shauri letu ni juu ya njia wanayoitumia.

Tazameni Machi na Aprili 2014. Serikali iliagiza wakimbizi wa mijini waende kambi za Dadaab na Kakuma, ingawa Mahakama Kuu ilikwisha kufuta agizo kama hilo Julai 2013. Askari wakaingia Eastleigh, Nairobi, nyumba kwa nyumba. Watu karibu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, hata Wasomali raia wa Kenya. Wakajazwa vituoni na katika uwanja wa Kasarani. Katiba ya 2010 yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Wengi walikaa siku nyingi. Wengine wakapakiwa katika mabasi mpaka kambini, na watoto wao wakabaki nyuma.

Je, tulipata usalama? Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wauaji hakuwa mkimbizi. Alikuwa Mkenya aliyesoma sheria Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Na baba yake alikuwa amekwisha kuiarifu serikali kwamba mwanawe amepotea.

Fikirini jambo hilo. Habari ililetwa na Msomali, baba mzazi, kwa hiari yake. Msako hauleti habari kama hiyo, bali huifukuza. Mtu aliyevunjiwa mlango leo hatakwenda kituoni kesho kusema ameona mgeni wa mashaka.

Watu hupenda kusema samaki mmoja akioza wameoza wote. Hayo ni maneno ya kapuni, si ya mahakamani. Aprili 1954 Waingereza walizingira Nairobi kwa kutumia maneno hayo hayo, wakawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini. Miaka 60 baadaye, mwezi ule ule na mji ule ule, serikali yetu wenyewe ikafuata njia hiyo.

Na Turkana yajua kazi ya kuzuiwa. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alipelekwa Lokitaung mwaka 1950, wala hakupata uhuru wake mpaka 1961. Kenyatta alimaliza kifungo chake mwaka 1959, lakini badala ya kwenda nyumbani akazuiliwa Lodwar. Wote wawili waliitwa watu wa hatari.

Leo Kakuma, pamoja na Kalobeyei, ina wakimbizi zaidi ya 200,000. Kambi ilianza 1992. Kwa miaka mingi mkimbizi anayetaka kwenda Kitale au Nairobi amehitaji karatasi ya ruhusa. Baba zetu walivaa kipande shingoni. Sisi twaijua karatasi hiyo. Humo kambini mwalimu mkimbizi hufundisha darasa kama mwalimu Mkenya, lakini hupewa posho tu, si mshahara. Atafanya nini? Mtu asiyeweza kutoka hawezi kukataa malipo madogo. Hapo usalama umekuwa faida ya mwajiri.

Wako watakaosema hayo ni ya wageni. La. Mwaka 2025 vijana wa Kenya walikamatwa baada ya maandamano, wakashtakiwa kwa sheria ya ugaidi. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mabomu ilifika kwa waandamanaji. Kutoka hapo mpaka kwa wagomaji ni hatua ngapi?

Kwa hiyo twataka mambo manne:

1. Mtu akamatwe kwa tendo lake, si kwa kabila, dini wala karatasi.
2. Saa 24 ziwe saa 24, kwa raia na kwa mkimbizi.
3. Askari anayedai rushwa katika msako ashtakiwe, kwa maana gaidi mwenye fedha hupita hapo hapo.
4. Sheria ya ugaidi isitumiwe juu ya maandamano wala mgomo.

Mahakama imewahi kusimama. Februari 2015 ilifuta vifungu vinane vya sheria mpya ya usalama, na kimoja kilitaka wakimbizi wasizidi 150,000 nchini. Walioshtaki walikuwa watu waliokataa kunyamaza. Na sisi tusinyamaze. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Ni sisi wafanyakazi wenzenu wa reli.