Marejesho ya Kodi Masisi na Walikale: Tuambiwe Kwa Nini Hubadilika

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, pamoja na wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya hazina ya umma, jambo ambalo kwetu sisi tukaao baina ya vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, limekuwa kero isiyokoma: fedha ya kodi ambayo Kinshasa huirudisha mikoani, nayo mikoa ikazigawia kolektivite zetu, haiji mwaka huu kama ilivyokuja mwaka jana, wala ya mwaka jana haikufanana na ya mwaka juzi, na hapana anayesimama mbele ya raia akataja sababu.

Sharia haikuliacha neno hili gizani. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 175, imekadiria fungu la mikoa kuwa asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena ikaamuru kwamba fungu hilo likatwe palepale mapato yanapokusanywa. Na sharia ya mwaka 2008 ihusuyo kolektivite ikazidisha kusema kwamba katika fungu hilo la mkoa, asilimia 40 ni haki ya miji, komuni, sekta na sheferi. Kwa hesabu nyepesi, katika kila franka 100 za mapato hayo, 40 ni za mikoa, na katika hizo 40, franka 16 zapasa kushuka hadi kwa Bahunde, Bashali, Katoyi na Osso-Banyungu huku Masisi, hadi Wanianga na Bakano kule Walikale, na kwa wenzao wote wa daraja hiyo nchini. Kodi ya mishahara, ambayo mwajiriwa hukatwa kwa viwango vinavyoanzia asilimia 3 na kupanda hadi 40 kwa kadiri ya kipato chake, nayo imo katika mapato hayo ya taifa. Basi yule mfanyakazi ambaye ujira wake hupunguzwa kabla haujamfikia mkononi anayo haki ya kuuliza ni kiasi gani kilichorudi kutengeneza njia ya kwao.

Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi hutuambia kwamba huko mtu hukatwa kodi mwaka mzima, na mwaka ukiisha, ikiwa alikatwa kupita kiasi, hurudishiwa ziada yake. Na marejesho hayo hupanda na kushuka, kwa kuwa mshahara umeongezeka, au mtoto amevuka umri wa kuhesabiwa tegemezi, au mwajiri alikata kidogo zaidi, au jimbo limebadili viwango vyake. Hawalalamiki kwamba hubadilika, maana kila mmoja anayo karatasi inayoonyesha hesabu ilivyokwenda. Kwetu marejesho hayaji mfukoni mwa mtu, huja kwa jamii nzima, na kwa ajili hiyo hasa hesabu yake yastahili kuwa wazi zaidi.

Nami sidai kwamba fungu letu liwe lile lile daima. Ziko sababu za haki za mabadiliko, na raia akielezwa atazikubali. Mapato ya taifa yenyewe hayasimami mahali pamoja. Franka nayo imepoteza nguvu: mwaka 2016 dola moja ilikuwa karibu na franka 1,000, na mwaka 2024 ilikuwa karibu na 2,800, hata kiasi kinachoonekana kimekua katika daftari huweza kununua saruji kidogo kuliko zamani. Kisha sharia inataka mgawanyo baina ya kolektivite ufuate uwezo wa kuzalisha, ukubwa wa ardhi na idadi ya watu. Ardhi haiongezeki wala haipungui, lakini watu je? Hesabu ya watu ya mwisho katika nchi hii ilifanywa mwaka 1984, na tangu hapo vijiji vyetu vimehama na kurudi na kuhama tena kwa sababu ya vita; mtu wa Masisi aliyekimbilia Goma, aliyelala chini ya hema pale Bulengo au Kanyaruchinya, alihesabiwa kuwa wa kolektivite gani? Alikokimbilia alihitaji maji, na alikotoka shule yake ilihitaji paa.

Hizo ni sababu ambazo mwenye insafu atazipokea. Sababu nisiyoweza kuipokea ni hii nyingine, nayo ndiyo kubwa: kwamba ile amri ya kukata fungu papo hapo haikupata kutekelezwa, bali mapato yote huingia kwanza katika hazina kuu, na hazina ikatoa kiasi ipendacho kwa wakati iupendao. Hapo ndipo haki hugeuka kuwa hisani. Kolektivite haiwezi kupanga daraja la mto ikiwa haijui kama fedha itakuja mwezi wa tatu, au wa kumi na moja, au haitakuja kabisa. Tena tangu tarehe 6 Mei 2021, ulipoanza utawala wa dharura wa kijeshi katika Kivu Kaskazini na Ituri, baraza la mkoa limesimamishwa, kwa hiyo hata wale tuliowachagua ili waulize maswali haya kwa niaba yetu hawana tena ukumbi wa kuulizia. Mimi mwenyewe nilikwenda katika ofisi moja kuomba nionyeshwe hesabu ya marejesho ya mwaka uliopita. Nikaambiwa kwa adabu kwamba mambo hayo si ya raia.

Na asitokee mtu akasema kwamba kulipa moja kwa moja ni muhali, kwa maana katika madini jambo hilo limekwisha kuandikwa na kuanza kutendwa. Sharia ya madini ya mwaka 2002 iliupa mkoa asilimia 25 na kolektivite asilimia 15 ya ushuru wa madini, lakini fedha ilipitia hazina kuu. Marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 yakaamuru mwenye mgodi ailipe kila sehemu fungu lake, asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa kolektivite na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Walikale wanao mgodi wa bati wa Bisie, ambao ni miongoni mwa migodi mikubwa ya bati duniani, na hapo sababu za mabadiliko huonekana kwa macho. Ushuru huo hukadiriwa kwa thamani ya madini. Na bei ya bati ilipita dola 45,000 kwa tani mwezi wa Machi 2022, ikaanguka chini ya 20,000 kabla mwaka haujaisha. Mwezi wa Machi 2025 vita vilipofika Walikale, kazi ilisimama, ikarejea mwezi uliofuata. Mtu wa Walikale akiambiwa kwamba fungu limepungua kwa sababu hizo ataelewa, maana bei aliisikia redioni, na milio ya bunduki aliisikia kwa masikio yake.

Huku Masisi hali ni nzito zaidi. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya na koltani yake imo mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba kundi hilo hutoza huko kiasi cha dola 800,000 kila mwezi. Mchimbaji amelipa, mbebaji amelipa, mfanyabiashara amelipa, na hakuna hata senti moja ya malipo hayo iliyoingia katika hesabu ambayo kwayo Masisi itapewa fungu lake. Je, siku amani itakaporudi, wakadiriaji watasema kwamba uwezo wetu wa kuzalisha ulikuwa mdogo katika miaka hiyo, na watupunguzie? Nauliza hili mapema, kabla hesabu hiyo haijafungwa.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo yaliyo katika uwezo wao hata leo. Kila mwaka, katika ukuta wa ofisi ya kila sheferi na kila sekta, ibandikwe karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, itakayotaja fungu tulilostahili kwa sharia, fungu lililofika, tarehe lilipofika, na sababu ya tofauti baina ya hayo mawili. Na kwa kolektivite ambazo ofisi zake zimefungwa kwa vita, karatasi hiyo isomwe redioni, kwa kuwa waliokimbia nao walilipa kodi.

Wako katika kulitumikia taifa,

Karani wa biashara, Masisi